Shule ya serikali au ya kulipia Uingereza: hesabu ya kufanya kabla hujatoa ada

Mzazi aliyekulia Tanzania au Kenya hufika Uingereza na hesabu yake tayari kichwani. Shule ya serikali ni kayumba: watoto themanini chumba kimoja, dawati moja watu wanne, mwalimu kaelemewa. Anayempenda mwanawe hujinyima akampeleka inglishi midiamu, au akademia kama yuko Nairobi. Hesabu hiyo ina sababu zake nyumbani na hakuna wa kumlaumu mzazi. Ila ukiichukua kama ilivyo ukaenda nayo Reading, Leicester au Birmingham, itakumalizia akiba mwaka wa kwanza, na mtoto huenda asipate chochote ambacho asingekipata bure shule ya mtaa wa pili.

Huko zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wanasoma shule za serikali. Wamo watoto wa madaktari, wahandisi na wahadhiri. Madarasa ya mwanzo, kuanzia Reception (mwaka wa kuanza shule, mtoto akiwa na miaka minne) hadi Year 2, yamewekewa kikomo cha kisheria cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Zipo shule za serikali nzuri sana na zipo dhaifu, na za kulipia ni hivyohivyo. Kwa hiyo sisi tunaosaidia familia zetu kujaza fomu tunaanza kila mara mahali pamoja: usizungumze ada na mtu yeyote kabla hujajua anwani yako inakupa nini bure. Maelezo haya ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Tazama visa kwanza, maana huenda imeshakuamulia. Mtoto aliyekuja kama mtegemezi wa mzazi mwenye visa ya kazi, au wa mzazi anayesomea uzamivu, anaruhusiwa kusoma shule ya serikali bila ada. Kwenye kibali kumeandikwa kwamba familia haina haki ya fedha za umma, na wapo wazazi wanaosoma maneno hayo wakaogopa kupeleka fomu, mtoto akakaa nyumbani miezi. Elimu ya shule haimo katika orodha ya fedha hizo. Shule wala halmashauri haina ruhusa ya kudai pasi au karatasi za uhamiaji kama sharti la kumpokea mtoto. Itaomba uthibitisho wa anwani na, nafasi ikishatolewa, cheti cha kuzaliwa.

Upande wa pili upo mlango uliofungwa kabisa. Mtoto aliyeombewa visa yake mwenyewe ya mwanafunzi mtoto, ile ya miaka 4 hadi 17, anasoma shule ya kulipia yenye leseni ya kudhamini, basi. Wakala anayekwambia mtoto aje kwa visa hiyo "halafu tutamhamishia ya serikali" anakudanganya. Na mtoto aliyekuja kumtembelea shangazi kwa visa ya matembezi, masharti ya visa hiyo hayampi ruhusa ya kusoma shule ya serikali, na jukumu la kulijua hilo ni la mzazi. Kumbuka pia kwamba wahudumu wa wazee na wagonjwa walioomba visa kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi tena kuja na watoto, na wanafunzi wa shahada ya uzamili ya kawaida walizuiwa tangu Januari mwaka huohuo. Familia kadhaa bado zinapanga mambo kwa kanuni za zamani walizosikia kwa ndugu.

Jambo la pili linalowashtua wazazi ni darasa. Huko mtoto hupangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, na mpaka ni 31 Agosti. Aliyezaliwa 30 Agosti 2014 aliingia sekondari, Year 7, mwezi Septemba 2025. Aliyezaliwa siku tatu baadaye alibaki msingi mwaka mzima. Haijalishi kaachia darasa la ngapi nyumbani wala alikuwa wa kwanza au wa mwisho. Kurudia darasa ni jambo adimu mno. Shule ya kulipia inaweza kukubali kumweka mtoto mwaka mmoja nyuma ukiomba, na huo ni mmoja wa uhuru wa kweli ilio nao. Lakini usilipie maelfu ya pauni kwa sababu hiyo peke yake. Mtoto wa miaka tisa akikaa na wa miaka minane anapata nafuu ya miezi michache, kisha anabaki mkubwa kuliko wenzake mpaka mwisho wa shule.

Sasa anwani, na hapa ndipo penye kazi.

Fomu ya shule ya serikali huenda kwa halmashauri ya mnakoishi, hata kama shule mnayoitaka iko halmashauri ya jirani. Kwa mtoto anayeingia sekondari Septemba, mwisho wa kupeleka fomu ni 31 Oktoba ya mwaka uliotangulia, na majibu hutoka 1 Machi. Kwa anayeanza Reception, mwisho ni 15 Januari na majibu ni 16 Aprili. Fomu iliyochelewa hufikiriwa baada ya zote zilizowahi, yaani unapewa masalia. London unaweka shule hadi sita; kwingine ni angalau tatu.

Zijaze nafasi zote. Wapo wanaoandika shule moja tu wakidhani wanaibana halmashauri. Halmashauri haibaniki: usipofikia vigezo vya shule hiyo moja, unapewa yoyote yenye nafasi, nayo huwa ile ambayo wenyeji wameikimbia, pengine mabasi mawili kutoka nyumbani. Wengine huogopa kuiweka mbele shule ngumu kuipata, wakihofu kupoteza nafasi ya shule ya pili. Hofu hiyo haina msingi. Shule haioni umeiweka ya ngapi. Kila shule inakupima kwa vigezo vyake, na ukifuzu kwa zaidi ya moja unapewa ile uliyoiweka juu. Panga kwa mapenzi yako ya kweli, ila hakikisha angalau mbili za mwisho ni zile ambazo umbali wako unazifikia bila wasiwasi.

Umbali wenyewe unajulikana mapema. Kila halmashauri hutoa kijitabu cha maombi, na ndani yake kila shule ina idadi ya nafasi, vigezo kwa mpangilio, na umbali wa mtoto wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita. Tuseme shule ina nafasi 60. Kwanza huchukuliwa watoto ambao mpango wao wa mahitaji maalumu umeitaja shule hiyo, kisha walio chini ya uangalizi wa serikali, kisha wenye kaka au dada shuleni hapo. Kama makundi hayo yamekula nafasi 31, zimebaki 29 za kugombewa kwa umbali, na wa mwisho huenda aliishi maili 0.4 kutoka getini. Nyumba yako ikiwa maili 0.38, usijidanganye kwamba uko salama. Mwaka ambao wadogo wa wanafunzi waliopo ni wengi, mstari husogea ndani. Tafuta nyumba iliyo ndani ya nusu ya umbali huo. Na ujue jinsi unavyopimwa: halmashauri nyingi hutumia mstari wa moja kwa moja kwenye ramani, chache hupima njia ya miguu. Kijitabu kinasema.

Hapo ndipo hesabu ya fedha inapobadilika. Nyumba iliyo ndani ya mzunguko wa shule nzuri inaweza kukuzidishia kodi kwa, tuseme, pauni 200 kwa mwezi. Hiyo ni 2,400 kwa mwaka, nayo inawabeba watoto wote watatu. Mwaka 2024 wastani wa ada ya kutwa katika shule za kulipia zilizo katika umoja wao mkuu ulikuwa pauni 6,000 na ushee kwa muhula, mihula mitatu kwa mwaka, kwa mtoto mmoja. Tangu 1 Januari 2025 ada hizo zinatozwa VAT ya asilimia 20. Shule nyingine zilipunguza ada kidogo ili mzazi asibebe mzigo wote, nyingine zikauhamisha wote. Chukua 18,000, ongeza VAT, unafika 21,600. Mzazi mwenye akili ya biashara hahitaji kuelezwa zaidi.

Usitumie anwani ya ndugu. Kila mwaka kuna wanaojaribu, kwa sababu shangazi anakaa karibu na shule inayosifiwa. Halmashauri hulinganisha jina lako na kumbukumbu za kodi ya halmashauri, huomba mkataba wa nyumba, na nyingine hubisha hodi. Ikigundulika nafasi inaweza kufutwa, hata mtoto akiwa ameshaanza. Vilevile, ukiwa bado Dar es Salaam au Mombasa, halmashauri nyingi hazitaihesabu anwani ya Uingereza mpaka mmehamia kweli; mkataba uliosainiwa husaidia kwa baadhi, si kwa zote. Waandikie kuuliza kabla hujalipa amana ya nyumba.

Shule za madhehebu nazo ni za serikali na hazina ada, na kwa familia zetu hizi ni nafasi inayosahaulika. Shule nyingi za Kikatoliki huwaweka mbele watoto waliobatizwa, na zile za Kianglikana mara nyingi hutaka barua ya padri kuthibitisha mahudhurio. Zinakuwa na fomu yao ya ziada, tofauti na ile ya halmashauri, inayorudishwa shuleni moja kwa moja. Anayejaza moja na kusahau nyingine huhesabiwa kama asiye na dini. Kinachokwamisha watu wetu ni cheti cha ubatizo. Kimebaki parokiani Moshi au Bukoba, au kimeandikwa jina la ubatizo na la babu, huku pasi ikiwa na jina la baba. Kabla ya safari nenda parokiani uombe cheti kipya chenye muhuri, na kama majina yanapishana uombe barua fupi ya paroko inayosema huyu na yule ni mtoto mmoja. Kitafsiriwe kwa Kiingereza. Kazi ya siku moja nyumbani, ukiwa ng'ambo inakuwa ya miezi. Shule za serikali zenye msingi wa Kiislamu zipo pia, chache, nazo zina vigezo vyao kwenye kijitabu kilekile.

Familia nyingi hazifiki Septemba. Zinafika Februari, Mei, Novemba, pale visa inapotoka. Hapo hutumii ratiba ya Oktoba na Januari, unapeleka ombi la katikati ya mwaka. Kanuni ni nzuri kuliko watu wanavyodhani: kama darasa la umri wa mtoto lina nafasi, shule karibu kila mara inalazimika kumpokea, na jibu lazima litoke ndani ya siku 15 za shule. Shule ikijaa, omba kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, kisha ukubali shule uliyopewa wakati huohuo. Kukubali hakukuondoi kwenye orodha. Orodha yenyewe haifuati aliyetangulia. Hufuata vigezo vilevile, kwa hiyo unaweza kuwa wa pili leo na wa nne kesho kwa sababu jirani mpya kahamia karibu zaidi. Kukata rufaa ni haki yako mbele ya jopo huru, lakini rufaa za madarasa ya mwanzo yaliyofika 30 hushinda mara chache mno. Usiweke matumaini yote hapo huku mtoto akikaa sebuleni.

Sasa za kulipia, na gharama ambazo hazionekani kwenye tangazo. Kuna ada ya kujisajili isiyorudi. Kuna amana, na kwa familia inayotoka nje baadhi ya shule hudai amana ya muhula mzima. Juu ya hapo kuna chakula, basi, sare zinazouzwa duka moja, muziki, safari, na ada za mitihani. Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye mkataba: ili kumtoa mtoto lazima utoe taarifa ya maandishi ya muhula mmoja kamili. Ukitaka atoke Julai, barua iwe imefika kabla ya siku ya kwanza ya muhula wa Aprili. Ukiandika katikati ya Mei, utadaiwa ada ya muhula wa Septemba ambao mtoto hatausoma. Mtu aliyepunguziwa zamu kazini au aliyebadilisha mwajiri mdhamini hajui kesho yake kwa miezi minne mbele, na hilo ndilo linalowatia wazazi kwenye madeni. Soma kifungu hicho kabla ya kusaini, na kama umeshaona ada itakushinda, andika mapema. Barua ya taarifa mara nyingi inaweza kuondolewa shule ikikubali, deni haliondoki.

Basari zipo na ni za kweli. Skolashipu, kwa shule nyingi za siku hizi, ni heshima na punguzo dogo. Basari ndiyo inayopunguza ada kwa kipato, na shule chache hufika hadi kuifuta yote. Shule ya bweni ya Christ's Hospital, iliyoko Sussex na iliyoanzishwa mwaka 1552, inajulikana kwa kusomesha sehemu kubwa ya wanafunzi wake kwa msaada wa namna hiyo. Maombi huanza mwaka mmoja kabla, kwa kawaida msimu wa vuli, na mtihani juu yake. Fomu huuliza mishahara, akiba na mali zote, pamoja na zilizo nje ya nchi. Kiwanja cha Bunju na nyumba ya Kitengela vinaingia. Vitaje. Ukificha na ikajulikana, msaada unafutwa na mtoto anatoka katikati ya masomo.

Kuhusu ubora, usihukumu kwa majengo wala kwa tai na koti. Shule za serikali hukaguliwa na Ofsted, idara ya serikali ya ukaguzi. Zamani ilitoa neno moja kwa shule nzima. Kwa shule za serikali neno hilo liliondolewa Septemba 2024, na tangu Novemba 2025 ripoti hutolewa kwa vipengele. Kipengele cha mahudhurio na tabia kisome kwa makini kuliko vyote, na utazame ripoti ni ya mwaka gani, maana mkuu wa shule akibadilika shule hubadilika. Shule nyingi za kulipia hukaguliwa na chombo chao, ISI. Zilizobaki hukaguliwa na Ofsted. Kwenye tovuti ya serikali ya kulinganisha matokeo utakuta shule za kulipia maarufu zimeandikiwa sifuri katika matokeo ya sekondari. Hazijafeli. Watoto wao hufanya IGCSE, toleo la kimataifa la GCSE (mtihani wa Year 11), ambayo haihesabiwi kwenye majedwali hayo. Hivyo usizilinganishe aina mbili hizo kwa jedwali hilo. Omba shule ikupe matokeo yake yenyewe, ya watoto wote, pamoja na wale waliokuwa wa kati.

Zipo pia shule ndogo za kulipia za ada nafuu, mara nyingi za kidini, na wazazi wetu huvutiwa nazo kwa malezi. Nyingine ni nzuri kwa haki. Angalia kwanza kama imesajiliwa kwenye rejista ya shule inayotunzwa na serikali, kwa sababu mahali panapofundisha watoto watano au zaidi kwa kutwa nzima bila usajili panavunja sheria. Kisha uulize maabara, walimu wa sayansi, na ni mitihani gani wanakaa. Kwa malezi ya dini, familia nyingi za pwani zimechagua shule ya serikali asubuhi na madrasa jioni, na mpango huo unafanya kazi vizuri tu. Shule za serikali za London, Birmingham na Leicester zimezoea chakula cha halali, na mzazi ana haki ya kumwondoa mtoto kwenye ibada ya pamoja kwa barua.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu, kwa mfano usonji au ugumu wa kusoma, tungependa mzazi asikie hili kwa sauti: usikimbilie shule ya kulipia kwa kuwa darasa ni dogo. Shule ya kawaida ya serikali lazima iwe na mwalimu mhusika wa mahitaji hayo, na halmashauri ina wajibu wa kisheria wa kufanya tathmini na, ikibidi, kutoa mpango unaoitwa EHCP. Ukiomba tathmini, halmashauri ina wiki sita za kuamua kama itaifanya na wiki 20 kukamilisha kazi yote. Mara nyingi huchelewa, na unabidi kuwafuata kwa maandishi. Shule ya kulipia nayo inabanwa na sheria ya usawa, lakini inaweza kukutoza msaada wa ziada, na uhusiano wenu ni wa mkataba. Tumeona watoto walioambiwa kwa upole kwamba shule hiyo "si mahali pake", wakarudi kwenye shule ya serikali wakiwa wamechelewa mwaka mzima kwenye foleni ya tathmini. Omba EHCP kwanza, mtoto akiwa shule ya aina yoyote.

Lugha nayo haitaki ada. Mtoto aliyesoma darasa la tano Tanzania kwa Kiswahili anaijua KDS na KKS, anazidisha sehemu, anagawanya kwa njia ndefu. Lakini mtihani wa taifa wa hisabati wa Mei, Year 6, una karatasi ya hesabu tupu ya alama 40, na karatasi mbili za maswali ya maelezo, alama 35 kila moja. Alama 70 kati ya 110 zimefungwa ndani ya Kiingereza. Shule ikimwona anakwama kwenye hizo, inaweza kudhani hajui hesabu na kumweka kundi la chini, na kutoka kundi la chini sekondari kunachukua muda. Karatasi za miaka iliyopita zinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali. Chapisha ile ya hesabu tupu ukiwa bado nyumbani, mtoto aifanye kwa dakika 30 bila msaada, kisha uje nayo pamoja na madaftari yake. Siku ya kwanza mkabidhi mwalimu na umwombe ampime kwa namba kabla ya kumpanga. Walimu huipokea vizuri sana. Na nyumbani endeleeni na Kiswahili. Kiingereza atakipata uwanjani.

Usitegemee shule ikwambie wazi kwamba mtoto yuko nyuma. Ripoti za huko hazionyeshi mtoto ni wa ngapi darasani, na walimu wa msingi wana lugha ya upole inayomfanya mzazi arudi nyumbani akifurahi. Uliza hivi: je, yuko kwenye kiwango cha umri wake katika kusoma, kuandika na hesabu? Kama hayuko, mnafanya nini, mara ngapi kwa wiki, na nani? Shule isiyoweza kujibu maswali hayo, ya serikali au ya kulipia, ndiyo ya kuiogopa.

Kwa wazazi wa zamu, ratiba ina uzito kuliko sifa. Shule ya serikali husoma siku 190 kwa mwaka. Za kulipia zina likizo ndefu zaidi, na kila wiki ya ziada ni ya kumlipa mtu wa kukaa na mtoto. Anayeingia wodini saa moja na nusu asubuhi hadi saa mbili usiku aulize klabu ya kifungua kinywa inafungua saa ngapi na ile ya jioni inafunga saa ngapi, na kama kuna nafasi, si kama ipo tu. Wa Reception hadi Year 2 hula chakula cha mchana bure shule za serikali, na London ni msingi wote tangu Septemba 2023. Safari ya kwenda nyumbani ipangwe ndani ya likizo: siku tano za kukosa shule bila ruhusa zinaweza kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikipanda hadi 160 usipolipa ndani ya siku 21.

Halafu kuna gharama ya miaka 18, ambayo wazazi wa ada hawaioni mpaka imewafikia. Ili mtoto alipe ada ya mwenyeji chuo kikuu, iliyokuwa pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26, kwa kawaida anatakiwa awe na ukaazi wa kudumu na awe ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kozi kuanza. Mtoto ambaye bado ni mtegemezi wa visa ya kazi huhesabiwa mgeni kwa vyuo vingi, na ada ya mgeni ni mara mbili au zaidi, bila mkopo wa serikali. Kabla ya hapo kuna kodi ya afya ya uhamiaji, pauni 776 kwa mwaka kwa kila mtoto kwa familia zinazotozwa, na ada za ukaazi wenyewe. Mwenye uwezo wa kutenga pauni 5,000 kwa mwaka azitenge huko. Ukazitupa kwenye ada ya Year 4, utakuja kuzitafuta mtoto anapomaliza kidato cha mwisho.

Ipo hali moja ambapo tunamwambia mzazi mwenye uwezo aifikirie shule ya kulipia bila kusita: mtoto anayefika akiwa na miaka 14 au 15, katikati ya Year 10 au 11, hasa kama tayari alikuwa anasoma mtaala wa Cambridge Nairobi au Dar. Kozi za GCSE ni za miaka miwili, shule ya serikali itampa masomo yenye nafasi na mitaala ya bodi tofauti na yake, na inaweza kumwandikisha masomo matano tu. Shule ya kulipia yenye IGCSE inaweza kumwendeleza alipoishia. Hata hivyo linganisha kwanza na vyuo vya elimu ya ufundi na maendeleo vilivyo karibu. Vingine hupokea wa miaka 14 hadi 16, na kuanzia 16 vinampa Kiingereza na hisabati pamoja na fani, bila ada kwa anayestahili. Kwa mtoto wa umri huu kila wiki ina uzito. Fomu ya katikati ya mwaka ipelekeni wiki ileile mnayopata mkataba wa nyumba, mkiambatisha mtaala wake, matokeo yake ya mwisho na orodha ya masomo aliyokuwa akiyasoma, na simu ya kwanza ipigwe kwa shule zenye Year 10 isiyojaa.